Wapeni Wanafunzi Mashine: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi

Kamalondo, Lubumbashi

Kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi, na kwa Wizara ya Elimu ya Juu na Chuo Kikuu, Kinshasa

Baba zetu na mama zetu mnaoongoza masomo,

Jambo yenu. Nawaandikia nikiwa kwenye meza yangu ya kazi hapa Kamalondo, ninapotengeneza kompyuta na simu. Informatika nimeisomea hapa hapa mjini. Niliingia G1 (mwaka wa kwanza wa graduat) mwaka 2014, nikamaliza L2 (mwaka wa pili wa lisansi) mwaka 2019, enzi zile za mtindo wa zamani, miaka 3 ya graduat na miaka 2 ya lisansi. Chuo nilichosoma sikitaji. Ninayoyasema, wanafunzi wa vyuo mbalimbali huniletea yale yale kila Jumamosi, na si haki mmoja abebeshwe mzigo wa wote.

Jumamosi ndiyo siku yao. Wanafika na madaftari, na ndani ya madaftari mna programu. Zimeandikwa kwa kalamu, mstari kwa mstari, kwa mwandiko safi, nyingine zimepigiwa mistari kwa rula. Wanauliza bei ya saa moja kwenye mashine. Wengi wao, katika programu zote hizo walizonakili ubaoni, hawajaona hata moja ikitembea.

Wiki tatu zilizopita alikuja binti wa mwaka wa pili anayekaa Katuba. Alikuwa na karatasi ya mtihani iliyokwisha kusahihishwa, swali la C, lugha ya kuandikia programu: weka pointi tano za mwanafunzi kwenye jedwali, kisha toa wastani. Alikuwa amepata 18 juu ya 20. Akaniambia, "Yaya (ndugu yangu mkubwa), nataka tu niione ikitembea." Nikampa kiti. Akaanza kuandika kwa vidole viwili. Alipofika kwenye akolade, ile alama ya {, akasimama. Aliitafuta kushoto, akaitafuta kulia, mpaka nikamwonyesha kwamba kwenye kibodi za Kifaransa tulizozizoea inakaa kwenye kitufe cha 4, na unaibonyeza huku umeshikilia AltGr. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye 18 juu ya 20, na hapakuwa na mtu aliyempa nafasi ya kujua akolade inakaa wapi.

Tukaingiza pointi: 12, 15, 9, 17, 14. Mashine ikajibu kwamba wastani ni 6566.

Alinyamaza. Akatazama karatasi yake, akatazama kioo, akaanza kusoma mistari upya huku midomo ikicheza. Jedwali la nafasi tano katika C huhesabiwa kuanzia 0 hadi 4, na yeye mzunguko wake, yaani ile amri ya kurudia hatua nafasi kwa nafasi, aliuandika uende mpaka 5. Nilimweleza kwa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kwa sababu mama yake na mama yangu wote wamo ndani ya likelemba. Wamama watano wanachanga, kila wiki zamu inasogea kwa mwingine, wiki ya tano duru imekwisha. Sasa mwambie mtunza pesa aendelee mpaka zamu ya sita. Wa sita hayupo, basi pesa zitapokelewa na yeyote aliyesimama mlangoni. C iko hivyo: haikagui kama nafasi unayosoma ni ya jedwali lako, inachukua tu kilicholala pale kwenye kumbukumbu. Safari hii ilikuta 32767, ikakijumlisha na 67 zake, ikagawa kwa 5.

Akarekebisha mwenyewe. Mashine ikasema 13. Akatoa simu yake na kupiga hesabu: 67 kugawa kwa 5 ni 13.4. Zile sehemu nne za kumi zimekwenda wapi? Hapo ndipo alipojifunza kwamba katika C namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, kinachobaki baada ya nukta kinatupwa. Hebu fikirini kijana huyu ameajiriwa na chuo chenu kuandika programu ya kutoa pointi, na kosa hili limo ndani. Ni watoto wangapi watakatwa pointi bila mtu kujua?

Makosa mawili kwenye karatasi moja, na aliyesahihisha hakuona hata moja. Simlaumu. Ana karatasi mia mbili za kusoma usiku, na jicho la binadamu halikuumbwa kuendesha programu. Karatasi haikatai kitu: ukiandika kosa, inalipokea na kukaa kimya. Mashine inakukatalia pale pale, na katika kukataliwa huko ndimo fundi anamozaliwa. Binti yule alikaa kwangu saa moja na dakika kumi.

Ombi langu ni hilo: wapeni wanafunzi mashine, na wapimeni kwenye mashine. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Darasa letu la G1 tulikuwa kama 220. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 11 zinazowaka. Kozi ya kuandika programu ilipangiwa saa 30 za mazoezi. Gawanyeni wenyewe: watu 20 kwa mashine moja, saa 30, kila mtu anapata dakika 90 kwa kozi nzima, na hiyo ni kama umeme upo. Umeme ulikuwa ukija na kuondoka unavyotaka. Mwaka mzima ule nakumbuka kuketi mbele ya kibodi mara tatu. Siku nyingine nilisimama nyuma, nikichungulia juu ya bega la mwenzangu.

Halafu kulikuwa na habari ya ufunguo. Ufunguo ulikuwa mmoja, na aliyeushika alikuwa mtu mmoja. Mwezi wa tano alifiwa na ndugu yake Kolwezi, akaenda msibani kama mtu yeyote anavyopaswa kwenda, na chumba kikafungwa siku 16. Tulikuwa tukipita dirishani tunaziona mashine zimefunikwa plastiki. Asistanti wetu (mwalimu msaidizi) alipoona siku zinapotea alileta laptopu yake mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya mbele, na sisi tukapanda juu ya viti ili tuone kioo cha inchi 15. Jina la asistanti yule lilikuwa bado halijaingia kwenye orodha ya mshahara wa Serikali. Watu wa namna yake mnao wengi, mnawajua, na kama leo kuna mtu anayejua kitu katika fani hii mjini kwetu, ni kwa jasho lao. Nataka hilo lisomwe katika barua hii kabla ya lawama yoyote.

Nikitoka mlangoni kwangu na kwenda hatua chache nauona mlima mweusi, ule wa mabaki ya kuyeyushia shaba, pamoja na shemine (bomba la moshi) ndefu ya Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Tumekua tukiuona, tumeuzoea kama mtu anavyouzoea ukuta wa nyumba yao. Ndani yake mna kobalti, zinki na jerimaniamu. Transista ya kwanza (ile swichi ndogo ya umeme ya ndani ya kompyuta), iliyotengenezwa mwaka 1947 katika maabara za Bell kule Marekani, ilikuwa ya jerimaniamu. Sakiti ambayo Jack Kilby aliionyesha mwaka 1958, mama wa chipu zote tunazotumia, nayo ilikuwa ya jerimaniamu. Siku hizi madini hayo hutiwa kwenye kiini cha nyuzi za kioo zinazosafirisha intaneti, ili mwanga uendelee kusafiri ndani ya uzi bila kutorokea pembeni. Mwaka 2024 Gécamines ilitangaza kwamba mzigo wa kwanza wa jerimaniamu kutoka mlima wetu umekwenda kwa Umicore ya Ubelgiji, kampuni yenye mizizi yake katika Union Minière iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba Katanga hii. Kipushi, kilomita kama 30 kutoka hapa, mna jiwe lenye jerimaniamu linaloitwa renierite, na wanasayansi walilitambua kwa mara ya kwanza humo humo. Na kobalti mnaijua: zaidi ya theluthi mbili ya inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu. Betri zilizovimba ninazozitoa kila wiki ndani ya laptopu za wateja zina kobalti ndani.

Nimelisema hili kwa uchungu, si kwa kujivuna. Mtoto anayekulia chini ya mlima ule anafanya mtihani wa kompyuta kwa kalamu ya Bic.

Najua jibu la kwanza mtakalonipa, kwamba pesa hakuna. Najua pia kwamba kwenye bordero yangu ya malipo, chini ya minervali (ada ya masomo), kulikuwa na mstari wa maabara, na niliulipa miaka mitano. Familia zinauza makaa na unga wa bukari (ugali) ili kuulipa mstari huo. Naomba kila mwanzo wa mwaka mbandike ukutani ni kiasi gani kimeingia kwa ajili ya maabara na kimenunua nini. Hata kikiwa kidogo, kibandikwe.

Kuhusu umeme, tangu mwaka 1982 laini ya umeme kutoka bwawa la Inga inavuka kilomita 1700 kuja Kolwezi, na umeme wake unakwenda kwanza migodini. Tukiisubiri laini hiyo ikumbuke chumba cha kompyuta, tutasubiri sana. Lakini laptopu moja ikifanya kazi hula kama wati 40. Mashine 20 ni wati 800. Ziwashwe saa 6 kwa siku, hesabu haifiki kilowati-saa 5. Huo ni mzigo wa paneli nne au tano za wati 400 juu ya paa, na betri zake, na jua la kiangazi chetu mnalijua. Mimi fundi mdogo wa Kamalondo naendesha karakana yangu kwa paneli mbili.

Programu nazo hazihitaji kununuliwa. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni bure, kompaila ya GCC, inayogeuza programu ya C iwe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, ni bure, lugha ya Python ni bure, na kompyuta yenye miaka kumi ambayo ofisi inataka kuitupa inafufuka vizuri ukiiwekea Linux nyepesi. Wekeni kompyuta moja ya kuhifadhia katika chumba kile, ijazwe vitabu vya maelekezo ya lugha za programu, pamoja na Wikipedia nzima kwa njia ya Kiwix inayosomeka bila intaneti, na wanafunzi waunganike nayo kwa Wi-Fi ya ndani. Vijana wanaokuja kwangu wananunua mega za intaneti ili wajue tu maana ya neno moja ambalo mashine imewajibu. Mega za siku moja ni mkate wa siku moja.

Niseme kidogo juu ya lugha. Kozi inatolewa kwa Kifaransa, mashine inajibu kwa Kiingereza, na kijana anafikiri kwa Kiswahili. Sisemi Kifaransa kiondoke. Naomba asistanti asione aibu kueleza mzunguko kwa likelemba mbele ya mkaguzi.

Mwaka 2014 sheria ya elimu ya taifa ilifungua njia ya mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 nchi nzima iliambiwa iufuate: lisansi ya miaka 3, krediti 180, na katika krediti hizo mazoezi ya vitendo na kazi binafsi ya mwanafunzi vinahesabiwa. Mimi nilifurahi. Nilidhani wadogo zangu watasoma tofauti na sisi. Basi siku ile binti wa Katuba alipofungua mfuko wake niliomba kuiona silabusi yake. Ni yangu. Jalada lina mwaka mpya na neno LMD, lakini ndani ni ile ile ukurasa kwa ukurasa, hata kosa la chapa la ukurasa wa 34, ambalo mimi nililizungushia kalamu nikiwa na umri wa miaka 18, bado lipo pale pale.

Nikiwa G2 nilifundishwa Visual Basic 6. Lugha hiyo ilitoka mwaka 1998, na Microsoft iliacha kabisa kuyahudumia mazingira yake ya kazi mwezi wa nne mwaka 2008. Nilijifunza mwaka 2016, na sikuambiwa. Nilikuja kuambiwa na mtu wa kampuni moja niliyokwenda kuomba stage (mafunzo ya kazini), na siku ile nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka nyumbani kwa sababu nilihitaji muda wa kutuliza moyo. Merise, mbinu ya kupanga taarifa, siitaji kwa ubaya, ingawa ni ya miaka ya 1970. Inafundisha mtu kupanga taarifa kichwani kabla ya kugusa kibodi, na hadi leo inanisaidia. Ukale wa somo si kosa. Kosa ni kumficha mwanafunzi umri wa kitu anacholipia.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi ya silabusi. Ingieni kwenye maktaba zenu, kwenye rafu za TFC na memwari (kazi za kumalizia masomo) za informatika. Nyingi zina kichwa cha aina moja: kuunda mfumo wa kompyuta wa kusimamia akiba ya duka la dawa, wagonjwa wa kituo cha afya, wafanyakazi wa kampuni fulani. Kila mwaka zinaongezeka, zimejalidiwa vizuri, na programu iliyomo ilitembea siku moja tu, siku ya kuitetea, labda siku hiyo nayo kwa picha za kioo. Wakati huo huo, mbele ya ofisi ya aparitori, inayotunza majina ya wanafunzi, wanafunzi wanapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi na bordero ya malipo mkononi, ili mtu alifungue daftari kubwa na kutafuta majina yao kwa kidole. Mimi nilipoteza siku nne kutafuta karatasi ya pointi zangu za G3. Chuo kina mamia ya vijana wanaotafuta kitu cha kuunda, na kina foleni inayohitaji kuundiwa kitu. Wapeni foleni ile. Vijana watano wa mwaka wa mwisho waanze, wa mwaka unaofuata warekebishe makosa yao, na wa tatu waongeze. Huko ndiko watakakojifunza kusoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine, kazi ambayo hakuna TFC ya mtu mmoja inayoifundisha na ndiyo wanayoikuta siku ya kwanza ya ajira.

Sasa nirudi kwenye mtihani, maana wengi wataniambia kwamba watu 220 hawawezi kufanya mtihani kwenye mashine. Wanaweza. Mashine 20, makundi 11, saa mbili kwa kila kundi, makundi matatu kwa siku: siku ya nne imekwisha. Kila kundi lipewe swali lake, ili wa asubuhi asimpe siri wa mchana. Kusahihisha nako kunakuwa kwepesi. Mwalimu anatayarisha mifano kumi ya data, anaipitisha kwenye programu ya kila mwanafunzi, na mashine inasema majibu sahihi ni mangapi. Karatasi ibaki kwa maswali ya kueleza, kwa nusu ya pointi. Nusu nyingine itoke kwenye kibodi. Siku mtakayotangaza hivyo, chumba kitafunguliwa chenyewe, kwa sababu hakuna mwalimu atakayekubali kupima watu kwa kitu ambacho hawajakigusa, wala hakuna mzazi atakayenyamaza.

Ninaomba muanze na mwaka wa kwanza, mwaka huu wa masomo unaokuja, kwa kozi moja tu ya kuandika programu. Na ninaomba ufunguo wa pili. Wa tatu ukiwezekana, ushikwe na mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake, na mlangoni paandikwe saa za kufungua, Jumamosi ikiwemo.

Nami nina kitu cha kutoa. Ninazo kompyuta saba nilizozifufua kwa mikono yangu, zote zina Linux, zote zina kompaila, betri zake zinashika saa mbili. Chuo cha kwanza kitakachoniandikia kwamba ufunguo wa pili upo, nitazipeleka siku hiyo hiyo, pamoja na Jumamosi mbili za kila mwezi kuwafundisha watakaokitunza chumba. Kwenye kibodi zote saba, akolade nimezipaka rangi nyekundu.

Mwanafunzi wenu wa zamani, fundi wa kompyuta, Kamalondo